Muulize Shangazi: Sherehe ya vuli kanisani, na wazee hawataki kuona boga

*Shangazi, shikamoo. Nakuandikia kutoka Des Moines, Iowa. Wazazi wangu ni wa Fizi, Kongo, mimi nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na huku Marekani tuko mwaka wa sita. Kanisa letu la Kiswahili halina jengo. Tunasali Jumapili saa nane mchana katika kanisa la Wamarekani, wao wakishamaliza ibada yao ya asubuhi. Kila mwaka mwezi wa kumi wenyeji wetu hao huwafanyia watu wa mtaa sherehe ya vuli: maboga, pipi, watoto wamevaa mavazi ya kuigiza, magari yamepangwa uwanjani mabuti wazi, watoto wakipita kuchukua pipi humo. Mwaka huu mchungaji wao ameomba tuifanye pamoja, na mchungaji wetu akanitaja mimi mwenyekiti wa kamati. Sikuulizwa.*

*Yananisumbua matatu. Wazee wetu wamesema hawatakanyaga mahali penye boga lililotobolewa macho, kwamba hiyo ni Halloween (ule usiku wa 31 Oktoba ambapo watoto huvaa mavazi ya kutisha na kuomba pipi) na Halloween ni uchawi. Kamati yangu nayo imeshaandika ratiba: kwaya nne, risala, mgeni rasmi, neno kutoka kwa wachungaji wote wawili, ndipo chakula. Wenyeji walipoisoma walinyamaza tu. Halafu majirani wa mtaa ule wengi hawasali popote, sijui watakuja vipi. Zimebaki wiki saba na nina dola 600. Nianzie wapi?*

*Mwenyekiti Asiyelala*

Marahaba, mwanangu. Hata mimi sikuulizwa. Mwaka wangu wa kwanza hapa Saint Paul, Minnesota, nilinyoosha mkono kwenye kikao nikitaka kuuliza choo kiko wapi, nikatoka pale nimekuwa kamati ya chakula. Tangu siku hiyo nimeisimamia sherehe kama hiyo yako mara tisa, na makosa mengi utakayoyasoma hapa ni ya kwangu mwenyewe.

Tuanze na ratiba, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Ichane.

Najua inauma. Sisi tumelelewa tukijua kwamba shughuli isiyo na meza kuu ni fujo. Lazima kiwepo kitambaa, maji ya chupa, maua ya plastiki, na mgeni rasmi anayefika amechelewa saa mbili huku sote tukisimama. Sasa mfikirie mama wa nyumba ya tatu kutoka kanisani. Ana watoto wawili, mmoja yumo kwenye kigari. Amevuka barabara kwa sababu mkubwa ameona maboga akamvuta mkono. Muda alio nao ni dakika arobaini, baada ya hapo mdogo ataanza kulia. Mama huyo ukimkalisha kwenye kiti asikilize risala kwa lugha asiyoijua, kwaya ya pili haitamkuta, na mwakani akiona maboga atapitia njia nyingine.

Sherehe za namna hii hazina ufunguzi wala ufungaji. Mmoja anaingia saa kumi, mwingine saa kumi na moja na nusu, anazunguka, anakula, anaondoka. Hakuna anayechelewa. Hebu onja utamu wa jambo hilo: shughuli ya Waswahili ambayo hakuna awezaye kuichelewa!

Kwaya chagua moja, isimame karibu na chai, iimbe nyimbo mbili kila baada ya nusu saa. Kipaza sauti kifungie kabatini, ufunguo kaa nao wewe. Wachungaji wote wawili wape birika wamimine chai. Nimeona kwa macho yangu: watu ambao hawajaingia kanisani tangu harusi ya shangazi yao walimsimulia mchungaji wetu mambo ya nyumbani kwao kwa sababu alikuwa ameshika kikombe na anauliza sukari vijiko vingapi. Risala mpelekee mchungaji wa wenyeji kwa barua. Ataisoma akiwa ametulia.

Sasa wazee. Hapo nenda polepole.

Mimi nilianza kwa kubishana nao kwa historia. Nilimweleza mzee mmoja wetu, mtu wa Iringa (Walutheri wa Saint Paul na Dayosisi ya Iringa ni marafiki wa siku nyingi, kwa hiyo hapa watu wa Iringa hatuwakosi), kwamba jina Halloween lilianza kama mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo ni tarehe 1 Novemba. Nikaongeza kwamba Martin Luther alizitoa hoja zake 95 pale Wittenberg siku ya mkesha huohuo, 31 Oktoba 1517. Nikajiona nimemaliza. Mzee akanitazama, akauliza, "Na Luther alitoboa boga?" Nikakosa la kusema.

Kusema kweli mzee hakuwa anauliza historia. Wengi wa wazee wetu wanatoka mahali ambapo mtu akitajwa kuwa mchawi huvunjiwa nyumba, na wapo waliouawa. Ukimwambia mtu wa aina hiyo kwamba mifupa ya plastiki na vizuka vya shuka ni mchezo wa watoto, anakuona wewe ndiye mtoto. Basi usimshinde. Mwondolee kinachomkwaza, kisha mpe kazi.

Kumwondolea kinachomkwaza ni rahisi: maboga yabaki mazima. Yapange juu ya marobota ya majani makavu, weka meza yenye rangi na brashi, kila mtoto apake lake na kwenda nalo nyumbani. Boga zima ni mboga, hata babu yangu angelikubali. Tena lililotobolewa huanza kuoza baada ya siku chache, zima linaweza kukaa barazani hadi Novemba. Waambie wenyeji masharti ya mavazi kabla hayajachapishwa: hakuna damu, hakuna silaha za kuchezea, hakuna kinyago kinachofunika uso wote. Makanisa mengi ya hapa yana masharti hayohayo tayari, utashangaa watakavyokubali upesi.

Kazi ya wazee nayo ninayo, na asili yake ni huko kwenu. Wewe uko Des Moines, unaijua ile desturi ambayo miji mingi haina: mtoto anayepita kuomba pipi lazima kwanza aseme kichekesho mlangoni. Kwa miaka mingi usiku wao ulikuwa tarehe 30 Oktoba, siku moja kabla ya Halloween, wakauita Usiku wa Ombaomba. Dada mmoja wa huko aliponisimulia, mimi nilisikia kitu kimoja tu: *Kitendawili!* — *Tega!*

Mwaka uliofuata yule mzee wa Iringa tulimkalisha nyuma ya Toyota kuukuu ya mwanawe, buti limefunguliwa, blanketi magotini, bakuli la pipi pembeni. Mjukuu wake wa miaka kumi akasimama kama mkalimani. Mtoto wa kwanza alikuja amevaa kama dinosaria, mkia unaburuta. Mjukuu akamfundisha kujibu "Tega!" Mzee akasema, "Nyumba yangu haina mlango." Mjukuu akatafsiri. Dinosaria akafikiri, akamtazama baba yake, baba akatazama juu. Hawajui. Mzee akanyoosha mkono: "Nipe mji!"

"Anataka umpe mji," mjukuu akasema.

"Mji wowote?"

"Wowote."

"Chukua Chicago."

Basi mzee akaenda Chicago. Akasimulia jinsi alivyopokelewa, akala, akanywa, akapewa kitanda chenye shuka nyeupe, na asubuhi alipoamka akaletewa chai na, juu ya sahani, ile nyumba isiyo na mlango. Yai! Dinosaria akacheka mpaka mkia ukatoka. Baada ya nusu saa foleni ya Toyota ile kuukuu ilikuwa inazidi ya mabuti mengine yote, na mabuti mengine yalikuwa na taa na mapambo ya dola mia. Akina baba walikuwa wanapekua simu kutafuta majibu kwa siri. Kufikia jioni mzee alikuwa amepewa Chicago, Milwaukee, Miami mara mbili, na Paris. Binti mmoja mdogo hakujua jina la mji wowote akampa "nyumbani kwetu". Mzee akaikataa, akamwambia hiyo abaki nayo, akamwongezea pipi.

Chagua vitendawili vinavyovuka lugha. Yai linavuka. "Nina nyumba kubwa yenye nguzo moja", uyoga, unavuka. "Kuku wangu katagia miibani", nanasi, litavuka kama kuna nanasi halisi la kuonyesha. Vile vinavyotegemea mlio wa neno viacheni, vitawachosha wakalimani. Na wakalimani wawe watoto wenu. Siku nyingine zote wanatafsiri barua za bili na maswali ya daktari; siku hiyo watatafsiri mchezo.

Tarehe. Usigombane na Usiku wa Ombaomba. Chukua Jumamosi ya katikati ya Oktoba, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Wakati huo Des Moines jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo mtakunja meza kungali na mwanga, hamtakodi taa. Kabla ya kutangaza angalia timu za vyuo za jimbo lenu zinacheza lini mpira wao wa Kimarekani, maana siku ya mechi kubwa hata malaika akishuka atamkuta kila mtu yuko kwenye televisheni. Na usisogee mwisho wa mwezi. Hapa Minnesota bado wanasimulia Halloween ya 1991, theluji ilipoanza siku yenyewe na kuendelea hadi ikarundikana inchi 28 na kidogo, zaidi ya sentimita 70. Iowa ni jirani. Ukumbi wa ndani ushikilie tayari hata kama utabiri wa hali ya hewa unacheka.

Kuhusu majirani, nina aibu ya kusimulia. Mwaka wangu wa pili nilichapa vipeperushi mia tatu, nikazunguka mtaa mzima nikivitia katika masanduku ya barua, kimoja kimoja, nikajipongeza. Baada ya siku mbili mpeleka barua alikuja kanisani na furushi lote mkononi. Kumbe sheria ya nchi hii inasema sanduku la barua ni la vitu vilivyolipiwa stempu pekee, hata kama ni la nyumbani kwa mtu. Alikuwa mtu mwema, hakunifikisha mbali. Wewe bandika kipeperushi kwenye kitasa cha mlango, au bora zaidi, kikabidhi mkononi.

Nendeni wawili wawili, mmoja wenu na mmoja wa wenyeji, Jumamosi mchana. Mkono mmoja kipeperushi, mkono wa pili mfuko wa mandazi manne. Semeni majina yenu, semeni mnasali jengo lile lenye mnara, semeni ni bure. Neno hilo liandike kubwa. Watu wa hapa wakiona kanisa linagawa kitu cha bure hutafuta mahubiri yamefichwa wapi. Kama mtaa una Wameksiko, upande wa pili uwe Kihispania. Msihubiri mlangoni. Mama mmoja aliniuliza, "Nikija mtaniombea?" Nikamwambia akitaka. Akaja, hakutaka, akala mandazi sita.

Nimefika kwenye mandazi, vumilia kidogo, hapa ndipo ninapopenda kukaa.

Mwaka wa kwanza niliukanda unga nje, chini ya hema, kwa kuwa nilitaka watu waone. Kulikuwa na nyuzi 5 za Selsiasi. Hamira ililala kama maiti. Saa nzima nautazama unga, unga unanitazama. Mwishowe tulichukua masufuria mawili tukayafunika kwa kanga, tukayaweka kiti cha nyuma cha gari la mume wangu, tukawasha kipasha joto cha gari kama tunasafirisha wagonjwa. Dakika arobaini baadaye unga ulikuwa umesukuma kanga. Gari lilinuka iliki hadi Pasaka. Siku hizi tunakanda jikoni ndani, tunasukuma na kukata ndani, nje tunatoka na sinia tu.

Jiko la gesi weka mahali ukuta unakinga upepo, maana upepo ukipiga chini ya karai mafuta hayapati moto na mandazi yanakunywa mafuta badala ya kuumuka. Lisiwe chini ya hema. Kamba izungushwe hatua tatu kila upande, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mtu anayejua kuutumia. Anayekaanga asihame wala asishike simu. Kilo moja ya unga inanipa mandazi 35 hadi 40 ya saizi ya kiganja cha mtoto. Kilo kumi zilitutosha kwa watu mia mbili. Wamarekani watakwambia ni donati. Usiwasahihishe, waongezee.

Wenyeji wataleta chili, ambayo usidhani ni pilipili, ni mchuzi mzito wa nyama ya kusaga na mara nyingi maharagwe, pamoja na apple cider ya moto. Hiyo waeleze wazee mapema: cider ya hapa ni juisi ya tufaa isiyochujwa, haina kilevi. Sisi tuliwahi kumwaga sufuria nzima kwa ushauri wa mzee mwenye uchungu na roho zetu.

Sombe (kisamvu) siku hiyo ipikeni bila karanga, au iacheni nyumbani. Sisemi kwa mzaha. Kuna watoto hapa ambao karanga kidogo tu inawafunga koo, na mama zao hawataonja chochote ambacho hawajui kimetiwa nini. Andikeni kadi mbele ya kila sufuria: karanga, njugu nyingine, maziwa, mayai, ngano, soya, samaki, wadudu wa baharini kama kamba na kaa, na ufuta, ambao sheria iliuingiza kwenye orodha mwaka 2023. Weka na bakuli moja la vitu visivyoliwa, penseli, stika, mipira midogo, na kando yake boga lililopakwa rangi ya samawati ya kijani. Wazazi wa watoto wenye mzio wanaijua alama hiyo toka mbali. Chakula cha moto kikae nyuzi 57 au zaidi. Nunua kipimajoto, ni dola chache. Ofisi ya afya wapigie wewe wiki hii uwaulize kama kibali kinahitajika, usimwachie mtu anayesema "mimi nawajua".

Magari: yote yawe yamepangwa na injini zimezimwa nusu saa kabla mtoto wa kwanza hajaingia, na hakuna linaloondoka hadi mtoto wa mwisho atoke. Funguo zote zikae kwenye kikapu kimoja. Mwaka mmoja kaka mmoja alikumbuka ana zamu ya usiku kazini, akarudi nyuma taratibu katikati ya watoto. Hakuumia mtu, lakini sauti ya akina mama siku ile bado ninayo masikioni. Mwenye zamu hapangi gari. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto asiye wake, hata kumpeleka choo, wenyeji wana utaratibu wao wa hayo na mtaufuata bila kununa. Picha za watoto wa watu msizipige bila kuuliza.

Kama mtakodi lile jumba la upepo la watoto kurukia, na likafungwa kwa vigingi ardhini, siku kadhaa kabla piga namba 811. Watakuja kuonyesha bure mabomba na nyaya zinapopita chini ya majani. Lakini kwa dola 600 mimi nisingelikodi. Sisi mwaka jana tulinunua maboga 60 kwa mkulima kwa dola 150, unga na mafuta na sukari dola 90, rangi na brashi 60. Pipi hatukununua hata moja: kila familia ilileta mfuko mmoja, na kila mwenye buti alileta za kwake. Kwa fedha zilizobaki tulinunua chai ya maziwa ya kutosha, na watu wa mtaa ule hadi leo wanauliza ile chai ina nini. Tangawizi, mwanangu.

Kalale.

*Shangazi, mimi niko Columbus, Ohio. Nyumbani kwetu Machame mavuno ni mnada. Je, kwenye sherehe ya majirani tunaweza kuuza ndizi na mayai kwa mnada, tupate na fedha za kanisa?*

Umenirudisha kwetu. Jogoo aliyefungwa miguu anapiga kelele katikati ya matangazo, mkungu wa ndizi mlangoni, na yai moja linauzwa mara tano kwa kuwa kila anayelinunua analirudisha liuzwe tena. Nimewahi kuona yai likileta fedha ya mbuzi.

Tulijaribu hapa mara moja. Jirani mmoja, Mmarekani mpole, alinyoosha mkono kumwita mkewe aliyekuwa ng'ambo ya ukumbi, na dalali wetu, ambaye ana haraka, akamuuzia keki kwa dola 45. Alilipa. Hakurudi mwaka uliofuata.

Mnada fanyeni Jumapili yenu wenyewe, mkiwa mnaojuana. Siku ya majirani msiuze kitu. Wenyeji wenu wakipenda mchezo wa kushindania kitu waambie wafanye ule wa keki: namba zinachorwa sakafuni kwa duara, muziki unalia, watu wanatembea juu ya namba, muziki ukizima namba moja inachomolewa kofiani na aliyesimama juu yake anachukua keki. Unatokana na ngoma ya watumwa weusi wa mashamba ya kusini, ingawa wengi wanaoucheza hawajui. Bahati nasibu ya kuuza tiketi iepukeni. Majimbo mengi yanaihesabu kuwa kamari na yanataka kibali, hata kwa kanisa.

*Shangazi, binti yangu wa miaka saba hana vazi la kuigiza la sherehe hizo na mimi sina hela ya kununua. Nimvalishe gauni lake la kitenge?*

Mvalishe kitenge kama nguo yake nzuri, usimwambie ni vazi la kuigiza. Mwaka wa kwanza nilikwenda na gauni na kilemba, mtoto mmoja akaniambia, "Umekuja kama malkia wa Afrika!" Nikamjibu nimekuja kama nilivyo, hata sokoni nakwenda hivi. Mama yake aliona haya kuliko mimi. Kama binti anataka kuigiza kama wenzake, boksi la kadibodi, mkasi na rangi vitamfanya kuwa basi la daladala, likiwa na jina la njia mbele. Wangu alikuwa Mwenge hadi Posta. Alishinda mavazi yote ya dukani, na konda alikuwa mdogo wake.

*Shangazi, mimi niko Moshi, nakusoma kila mwezi. Ninyi mnasema sherehe ya vuli. Vuli kwetu ni mvua. Halafu mnanunua maboga kupaka rangi! Huku boga ni chakula. Hamwogopi laana?*

Vuli yako na yangu zinakutana kwenye kalenda tu. Wewe Oktoba unangoja mvua upande, huku majani yanapukutika na mkulima anamaliza kuvuna mahindi na soya kabla ardhi haijaganda. Neno ni lilelile, shamba limegeuzwa.

Kuhusu laana, nilikuwa na hofu hiyohiyo, nikajaribu kuyapika. Maboga makubwa yanayouzwa huku kwa mapambo yamezalishwa yawe na umbo zuri, ndani ni maji na nyuzi. Nilitia nazi, nikatia iliki, nikatia sukari, futari ikatoka kama uji wa mgonjwa. Matamu ni yale madogo wanayotengenezea pai, hayo ukiyapata nunua bila kuuliza. Yetu ya mapambo yakichoka hupelekwa kwa mfugaji wa nguruwe aliye nje ya mji, yasipakwe rangi upande mmoja angalau, ndivyo alivyotuomba, na rangi iwe ya maji. Nguruwe hawana malalamiko.

Kinachoniuma ni majani yake. Kufikia wakati wa sherehe baridi kali ya kwanza mara nyingi imeshapita na shamba zima la maboga limelala jeusi, majani ambayo kwetu tungeyachuma tangu machanga, tukayamenya nyuzi, tukayapika kwa karanga. Nilimuuliza yule mkulima wa maboga 60 kama naweza kuja Julai kuchuma. Alidhani sijamwelewa, akaniambia maboga yatakuwa bado hayajakomaa. Nikamwambia najua. Akakuna kichwa, akasema nije na kikapu. Julai hii nilikwenda na akina mama wanne.

Tuma swali lako kabla ya tarehe 20, na ukiandika kuhusu mume tafadhali fupisha.